Kidole cha Mama Mageni

Jumapili, 2 Agosti 1981

Idi. Tumeswali uwanjani, jua kali tangu saa mbili. Imamu alirefusha hotuba – juu ya kusamehe, ilikuwa lazima iwe hiyo! Nilitazama viatu vyangu mpaka akamaliza.

Scolastika na Theonest walikuja kula. Wakristo wote wawili, lakini kwenye sinia hatukuulizana. Jirani yangu Mwasiti ndiye aliyepika. Chai bila sukari, wiki ya tatu sasa duka la kaya halina kitu. Aliwatazama wanachuo wangu wawili, akasema mbele yao: "Wenzako hapa mtaani Nyasubi wanafuga kuku, Mzee Sabiti, wewe unafuga mahakimu. Watataga lini?" Theonest alicheka hadi wali ukamtoka puani.

Wametaga. Matokeo yametoka. Kozi ya mahakimu, mtihani wa kuandika. Katika chuo chetu cha ualimu walijaribu kumi na wanane. Amepita mmoja: Scolastika Masele. Msichana! Mtoto wa mchunga ng'ombe wa upande wa Geita, aliyeanza shule akiwa na miaka kumi kwa sababu ndama walikuwa hawana mtu. Usaili ni Mwanza, Jumatatu tarehe 24.

Nina miaka ishirini na minane hapa Kahama na sijamwona hakimu aliyekulia kwenye boma la Kisukuma. Wanaletwa kutoka mbali. Wanasikiliza kesi ya ng'ombe kupitia mkalimani huku wakitazama saa. Ndiyo maana nawafundisha hawa kila Jumamosi, nawaambia watu: kule mbele hakuna mtu wao. Ni kweli. Mkuu wa chuo hunishukuru.

Lakini humu daftarini sina wa kumpambia maneno. Namfundisha Scolastika kwa sababu nataka siku moja Valerian asimame kizimbani, kofia mkononi, amwite mtoto huyu "mheshimiwa".

Jumanne, 4 Agosti

Fomu imekuja. Kurasa nne. Wa mwisho unataka muhuri wa mwenyekiti wa tawi la Chama nyumbani kwa mwombaji. Tawi la kina Scolastika liko nje kidogo ya Geita. Mwenyekiti wake namjua tangu ana nywele.

Valerian. Karani mwenzangu wa baraza la mtemi. Miaka sita tulichovya kalamu kwenye kidau kimoja. Mwaka 1953 mimi na baba tulichimba kisima nyumbani, huko huko Geita, likatoka jiwe jeupe lenye mshipa wa dhahabu. Baada ya wiki mbili ukurasa wetu kwenye daftari la ardhi haupo! Mahali pake ukurasa mpya, mwandiko wa Valerian, jina la shemeji yake. Askari wa mtemi walimtoa baba akiwa na godoro kichwani. Alikufa hapa Kahama kabla ya mvua za pili. Mpaka siku ya mwisho aliniuliza tunarudi lini.

Fomu ina nafasi ya mdhamini. Mkuu wa chuo angetosha kabisa. Scolastika mwenyewe alisema hivyo, kwa adabu. Nikaivuta fomu nikaandika: Sabiti bin Nassibu, karani wa zamani wa baraza. Kwa kalamu ya kuchovya. Mkia wa S nimeukunja kama zamani.

Nilitaka alisome. Basi.

Jumamosi, 8 Agosti

Somo uani kwangu. Theonest hakimu, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Scolastika wakili. Mimi shahidi mwongo – naigiza vizuri, wanasema.

Nimewarudishia yale yale. Swali moja, jambo moja. Anza na mambo madogo ambayo shahidi hawezi kuyakana. Mfungie mlango mmoja mmoja kabla hajajua kwamba yuko chumbani. Usimuulize kwa nini, utampa nafasi ya kuhutubia. Ukimaliza swali zuri, nyamaza. Na karatasi ya asili usiitoe mkononi kamwe – toa nakala.

Scolastika ana kasoro moja: anainamisha macho mbele ya mtu mzima. Amefundishwa hivyo kwao, na kwao si kasoro. Nikamwambia: inamisha wakati wa shikamoo. Ukishaitikiwa, inua. Mbele yako yuko shahidi, siyo mjomba.

Akajaribu. Aliinua macho akanitazama. Mwasiti, aliyekuwa akibangua karanga upande wa pili wa ua, akaguna: "Mh! Huyu ataolewa na nani?"

"Na hakimu mwenzie," akajibu Scolastika, bila kugeuka. Theonest akainama kutafuta kitu chini ambacho hakijaanguka.

Kesho anasafiri kwao na fomu.

Alhamisi, 13 Agosti

Amerudi. Lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuketi. Shikamoo – marahaba – kisha akaweka fomu mezani kwangu. Ukurasa wa nne ni mweupe.

Anasema Valerian alimpokea vizuri sana. Soda. Akamsifu baba yake, akasifu elimu kwa watoto wa kike. Akashika muhuri, akapuliza vumbi. Kisha akasoma ukurasa wa tatu. Akaurudisha muhuri kwenye kidau chake taratibu na kusema: "Kumbe mzee wako ni Sabiti! Mwambie aje mwenyewe. Aje na ile karatasi yake. Anaijua. Nikiipata, nagonga muhuri hapo hapo. Nisipoipata kufikia Ijumaa ya tarehe 21, mwanangu, nitaandika kwamba tawi halimfahamu mwombaji."

Anaogopa. Miaka ishirini na minane, na bado anaogopa! Nilitaka kucheka. Nadhani nilicheka.

Scolastika alinitazama vile vile nilivyomfundisha. "Babu, mkuu wa chuo angetosha. Nilikuambia."

"Ulisema."

"Uliandika jina lako ukijua fomu inakwenda kwa nani?"

Swali moja, jambo moja. Nikamwambia ndiyo.

Akasema: "Mimi nilikwenda pale kuomba muhuri. Kumbe nilitumwa kupeleka salamu zako."

Akaondoka. Fomu ameiacha.

Ijumaa, 14 Agosti

Sikutoka ila msikitini. Karatasi imo ndani ya kitabu cha Kanuni ya Adhabu, ukurasa ule ule tangu 1953. Mchwa wamekula jalada, hawajaigusa. Mchoro wa boma letu kwa mkono wangu, mwaka 1951. Chini kulia: Imeshuhudiwa na Valerian, karani wa pili. Sahihi yake! Alishuhudia kwamba ardhi ni yetu, miaka miwili baadaye akaiandika ya shemeji yake. Ndicho anachokiogopa.

Basi kwa nini sikuitoa siku zote hizi? Mtu akisoma hapa atauliza hivyo. Hakuna anayesoma hapa.

Jumamosi, 15 Agosti

Walikuja wote wawili. Sikuwatarajia.

Scolastika alisema leo wafanye kesi yangu. Siyo ya kutunga – yangu. "Fomu yangu imezuiwa kwa sababu ya karatasi hiyo, Babu. Nina haki ya kuiona." Theonest akakaa juu ya kinu bila kutazama mtu. Nikaileta. Kusema kweli nilijivuna. Nilijua mchoro wangu ni mzuri.

Naandika kama ilivyokuwa. Nilikuwa karani, bado nakumbuka maneno.

"Shahidi, marehemu baba yako alijua kuandika?"

"Vizuri mno. Kiarabu na Kiswahili. Wenye maduka walikuwa wakimwandikisha barua zao."

"Akitia sahihi?"

"Daima. Alikuwa na sahihi nzuri kuliko mtemi."

"Mchoro huu umeuchora wewe?"

"Mimi."

"Ni sahihi?"

"Kila hatua. Nilipima kwa miguu yangu." Hapo nilimtazama Theonest aone shahidi mwema anavyojibu.

"Huu mstari?"

"Minyaa. Ua wa boma."

"Na hili duara?"

"Zizi."

"Na hivi viwili, ndani ya duara?"

"Makaburi ya wazee wetu. Ndiyo ushahidi wenyewe. Mtu hahamishi makaburi."

Akanyamaza. Nilimfundisha mimi. Karanga za Mwasiti zilisikika zikianguka kwenye ungo.

"Ndani ya zizi, shahidi?"

"Ndani ya zizi."

"Babu yako alikuwa dini gani?"

"Mwislamu. Alikuja na misafara kutoka pwani."

"Kwetu sisi," akasema, sasa pole pole, "mwenye boma akifa anazikwa zizini, ng'ombe wake wapite juu yake. Guku wangu, yaani babu, yumo zizini. Na baba yake. Kwenu nyie Waislamu wa mjini mnazika zizini?"

Mwasiti akasimama kule uani. "Astaghfirullahi! Kwenye mavi ya ng'ombe?"

Miaka thelathini mchoro ule umekaa, watu wa mjini wameutazama, mwanasheria mmoja wa Tabora niliwahi kumwonyesha, akausifu. Hakuna aliyeona. Alihitajika binti aliyekulia zizini.

"La mwisho, shahidi. Kama baba yako alitia sahihi daima – kidole gumba hiki hapa chini ni cha nani?"

Theonest, sauti ndogo: "Shahidi ajibu."

Nikasema kikao kimeahirishwa. Theonest alifungua mdomo. Najua alitaka kusema nini: shahidi hana mamlaka ya kuahirisha kikao. Nilimfundisha mimi.

Jumapili, 16 Agosti

Haya. Hata humu sijawahi kuliandika.

Boma lilikuwa la Msukuma mmoja tajiri wa ng'ombe, aliyempokea baba kama mgeni na kumpa pembe ya kiwanja chake aweke chumvi na nguo zake. Akafa. Wakamzika zizini, karibu na baba yake. Mkewe akabaki na mtoto mmoja, Mageni. Mwaka 1951 alikuja barazani na mtoto mgongoni. Alitaka boma liandikwe jina la mtoto kabla shemeji hawajaja kumrithi. Karani alikuwa mimi. Nilikwenda, nikapima, nikachora. Makaburi nikayachora yalipo, maana mimi ni mtu wa usahihi. Kisha nikaandika jina la Nassibu, baba yangu. Nikamwambia mama yule weka kidole hapa, mambo yamekwisha. Akaweka. Akanishukuru kwa kupiga magoti.

Valerian alishuhudia. Aliona kila kitu, akatia sahihi, akachovya tena kalamu yake.

Shemeji walipokuja mwaka uliofuata waliambiwa boma si la ndugu yao tena. Walimlaumu yeye. Aliondoka na mwanawe kuelekea magharibi, Usumbwani, watu walisema. Sikuuliza.

Na Valerian aliponifanyia vile vile alinong'ona sentensi moja: "Ukiitoa karatasi yako, nami namtoa mjane wako." Ndiyo maana. Ndiyo maana tu.

Sijui kama baba alijua. Sidhani alitaka kujua.

Haya, nimeandika. Valerian bado namchukia vile vile. Nilidhani ingepungua.

Jumanne, 18 Agosti

Hakuna mtu. Mwasiti alileta uji. Hakutania, na hilo ndilo lililoniuma. Akasimama mlangoni: "Baba wa watu, mpe huyo mwanamume karatasi yake, mtoto apate muhuri. Chuki yako ina umri mkubwa kuliko mtoto."

Kasema kweli. Nimeamua. Nitampelekea. Scolastika apite, Valerian abaki kama alivyo, nami nife hapa Nyasubi kama nilivyo.

Jumatano, 19 Agosti

Scolastika alikuja adhuhuri, peke yake. Nilimwambia uamuzi wangu kabla hajakaa. Nilitarajia – niseme ukweli – nilitarajia shukrani.

"Hapana," akasema.

Nikamwambia siku zimebaki mbili.

"Nimezihesabu. Babu, ukimpa karatasi, ananigongea muhuri. Halafu mimi ni hakimu aliyepita kwa karatasi iliyofichwa, na yeye anajua. Kesi ya kwanza ya shemeji yake ikija kwangu ataniletea soda. Atanituma mpaka nizeeke." Akaelekeza kidole kwenye karatasi. "Na yule mama? Kidole chake kinakwenda jikoni kwa Valerian kuwashia moto?"

Nikamuuliza anataka nini.

"Amekushika kwa jambo moja tu. Liseme wewe mwenyewe, hana tena cha kushika."

Nilikaa. Nimesoma sheria miaka arobaini, na sikuwahi kuliona hilo. Au niliona nikageuza uso. Njia ya kumwangusha Valerian ilikuwepo siku zote, na mlango wake ni mimi. Nikianguka, naye anaanguka – sahihi yake iko chini ya kidole.

Sitaandika kwamba nimetubu. Nilipolielewa, kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini kilikuwa furaha. Furaha mbaya. Namwona akitolewa na godoro kichwani!

Tukaandika nyuma ya mchoro. Yeye alitaja hoja, mimi nikashika kalamu. Mimi, Sabiti bin Nassibu, nikiwa na akili timamu, nakiri kwamba mwaka 1951 nilimdanganya mjane aitwaye –

Kalamu ikasimama.

"Aitwaye nani, Babu?"

Mama Mageni. Kila mtu alimwita Mama Mageni. Daftarini niliandika "mjane". Miaka ile yote kazi yangu ilikuwa kuuliza watu majina yao na kuyaandika kwa herufi nzuri, na yule sikumuuliza. Alikuwa kapiga magoti hatua moja kutoka kwenye meza yangu.

Scolastika alinyamaza vizuri kuliko nilivyomfundisha.

Nikaandika: mjane aitwaye Mama Mageni, ambaye jina lake mwenyewe sikuliuliza. Tarehe. Sahihi. Mkia wa S haukukunjika.

Alhamisi, 20 Agosti

Theonest amenakili mara tatu, mwandiko safi. Nakala moja kwa mkuu wa chuo, ndani ya bahasha. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akaketi. Hakunishukuru safari hii. Ya asili iko kwa Mwasiti, chini ya khanga zake, kwenye sanduku ambalo hata marehemu mumewe hakuruhusiwa kulifungua. "Akitaka aje aichukue," amesema, "mimi nina mchi."

Nilimwambia Scolastika bado anaweza kuikosa nafasi. Valerian anaweza kukataa muhuri kwa hasira tu. Huyu ni mtu wa hasira baridi.

"Najua," akasema. "Wewe unaenda kwa ajili ya Valerian. Mimi naenda kwa ajili ya fomu yangu. Tusichanganye, Babu."

Lori linaondoka alfajiri.

Ijumaa, 21 Agosti. Geita

Lori lilitushusha Kalangalala, Geita mjini, tukaja kwa miguu. Njiani nilitafuta kwa macho minyaa yetu. Hakuna. Kuna mashimo, na vijana wanaopepeta mchanga kwenye karai. Zizi sikuweza kujua lilikuwa wapi. Mimi niliyepima!

Naandika juu ya goti, kwenye benchi la ofisi ya tawi. Kalamu ya risasi. Mlango uko wazi.

Alitoka kunitazama. Amekuwa mdogo, fimbo, jicho moja lina ukungu. Shingo yake ni ya kuku. Nilisubiri miaka yote hii mtu mkubwa, na wameniletea huyu. Akacheka puani, cheko lile lile la siku za baraza: "Sabiti! Bado unakunja mkia wa S? Ingia, ingia. Umeileta?"

Niliinuka. Scolastika akaweka mkono kifuani kwangu, kidogo tu. "Fomu ni yangu, Babu. Kaa."

Nimekaa. Yuko ndani. Nawasikia.

Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Marahaba, mwanangu, karibu, soda? Hapana, ahsante. Mzee ameleta? Nina maswali matatu kwanza. Mafupi.

Anacheka. Anamwambia uliza, uliza, nyie wasomi.

La kwanza: mwaka hamsini na moja ulikuwa karani wa pili wa baraza? Anasema kila mtu wa rika lake anajua hilo, na alikuwa karani mzuri.

Naona mgongo wa Scolastika. Umenyooka. Anatoa nakala kwenye mkoba, anaiweka mezani, anaisogeza kwa kidole kimoja. Muhuri uko pembeni, juu ya kidau chake.

La pili: hii sahihi iliyonakiliwa chini ya kidole cha Mama Mageni – ya asili ipo, na mzee ameandika kwa mkono wake jinsi kidole hicho kilivyopatikana – unakana kwamba ni yako?

Cheko limekatika.

Huko nje vijana wa mchanga wanagombania koleo.

Kiti kimekwaruza sakafu. Valerian ameweka mkono juu ya muhuri. Anaufunika wote. Sijui anaushika augonge au aufungie kabatini.

"Sabiti!" Sauti ya karani mwenzangu, ile ya zamani. "Sabiti, njoo umtoe mtoto wako!"

Sijainuka. Kumebaki swali moja, la muhuri.